Uji wa pacha wangu uliishia getini

Nimekaa na hili jambo zaidi ya wiki nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo mtanivumilia.

Tulikwenda kwenye bustani moja ya michezo ya maji, upande wa fukwe za kaskazini mwa Dar. Jina silitaji. Ilikuwa katikati ya kaskazi, zile siku ambazo khanga ukiianika saa tatu, saa nne unaianua, na usiku feni inazungusha joto lile lile. Wifi yangu alikuwa amemwahidi mwanawe mabomba ya kuteleza siku yake ya kuzaliwa. Mimi nina pacha wa miezi minane, Kulwa na Doto. Busara ingekuwa nibaki nyumbani. Lakini tangu niwazae, safari zangu ni kliniki na msiba mmoja, basi wifi aliposema "Twende, mama pacha, ukapate upepo wa bahari", nikabeba mbeleko mbili nikatoka.

Kiingilio, saa za kufungua, mabomba mangapi, hayo mtayaona wenyewe. Mimi nataka kuzungumzia chupa ya chai.

Ndani ya ile chupa kulikuwa na uji. Uji wa lishe, mwepesi, niliouamkia saa kumi na moja alfajiri nikauchuja mara mbili kwa sababu Doto akikutana na chenga moja tu anafunga mdomo mpaka kesho. Getini mlinzi akafungua mkoba wangu, akapita kwenye pampasi, vitaulo, kofia, akafika kwenye chupa. Akafungua kifuniko. Akanusa. Nasema akanusa, pua yake pale pale juu ya chakula cha wanangu, kama anayetafuta gongo.

"Dada, chakula cha nje hakiingii."

Nikamwambia, kaka yangu, huu ni uji wa watoto, na watoto ndio hawa, mmoja mgongoni kwangu, mwingine kwa shangazi yao. Akanionyesha tangazo lenye picha ya chupa na sahani vimekatwa mstari mwekundu. Nikauliza kama ndani wanauza uji wa mtoto. Akajibu, bila hata kutikisika: "Chipsi zipo."

Chipsi! Kwa mtu mwenye meno mawili!

Nikamuuliza na haya maziwa niliyobeba kifuani nayo ni ya nje, au yanaruhusiwa? Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Akaniitia supavaiza, kijana mwenye miwani ya jua na redio ya mkononi, ambaye hakunitazama usoni hata mara moja. Aliitazama chupa. "Utaratibu ni utaratibu, mama." Akaondoka zake. Chupa yangu ikabandikwa kipande cha gundi chenye namba, ikawekwa kwenye benchi kando ya kibanda cha mlinzi, pamoja na birika la mtu na hotpoti tatu za pilau. Nilifungwa bangili ya karatasi mkononi, nikaelezwa kwamba ukitoka umetoka, kurudi ni kulipa upya.

Ningegeuza pale pale, lakini mtoto wa wifi alikuwa ameshavua viatu.

Sasa ndani. Niseme ukweli, kuzuri. Maji masafi, waokoaji wako macho, na wanapuliza filimbi kwelikweli. Kama una mtoto wa miaka sita mpeleke, wa wifi mpaka leo anatelezea kwenye sofa. Kama una wachanga, mtafute kwanza aliyejenga pale umuulize kivuli alikisahau wapi. Miavuli ilikuwa imeshachukuliwa na waliowahi. Vigae vya kando ya bwawa vinaunguza hata ukiwa na kandambili. Bwawa dogo la watoto liko waziwazi katikati ya jua, na maji yake kufikia saa tano yalikuwa ya kuchemshia mayai. Pembeni yangu kulikuwa na mzazi mwenzangu amemlaza mwanawe kwenye kigari, amekifunika na kitenge kizito pande zote. Nilitamani nimwambie alichoniambia nesi wa kliniki, kwamba ukifunika hivyo hewa haipiti na ndani kunageuka tanuri, lakini nikaona atasema najifanya mjuaji. Baadaye nikaenda kumwambia. Akashukuru. Kumbe naye ilikuwa mara yake ya kwanza.

Kufika adhuhuri Kulwa amejaa harara shingoni na Doto hataki kunyonya. Anashika titi, anaachia, analia. Ndipo nikamgusa pampasi. Kavu. Ile ile niliyomvalisha nyumbani. Jamani, pampasi kavu kwa mtoto siku ya joto si jambo la kuchekea. Hawa wameshavuka miezi sita, maji walikuwa wanapata kidogo kidogo kwa kijiko. Aliye chini ya hapo ni nyonyo tu, hata jua liwake vipi, unamnyonyesha mara nyingi zaidi. Lakini Doto kijiko alikitema. Nilichojua atakubali ni uji, na uji uko getini.

Nikarudi getini na watoto wawili. Mlinzi ni yule yule. "Uji wako upo, dada. Lakini ukitoka…" Nikamwambia sitoki. Nikakaa chini, ndani ya geti, mgongo kwenye nguzo, nikapitisha mkono katikati ya nondo. Yeye akamimina uji kwenye kifuniko, nje ya geti, nami nikachota kwa kijiko kupitia kwenye nondo. Hivyo ndivyo wanangu walivyolishwa siku hiyo, kama mahabusu. Watu wanaingia wanatupiga picha. Na nimpe haki yake, kifuniko alikishika yeye muda wote, mkono haukutetemeka, na alipoona jua limetugeukia akasogea akatukinga kwa kivuli chake. Doto alimaliza kifuniko kizima. Yule kaka akaniambia, "Huyu anakula vizuri." Nilishindwa nimtukane au nimshukuru. Nikanyamaza.

Aliyetuokoa hasa ni mama wa usafi. Alinikuta nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, nimekaa chini ya mwarobaini, nalia, mambo ya aibu. Nikamwamkia, akaitika "Marahaba mwanangu", kisha hakuuliza lolote. Akaleta beseni la plastiki la bluu, akachota maji ya bomba, akayaacha kivulini kidogo yasiwe ya kushtua, akawavua watoto mwenyewe. "Hawa hawana haja ya mabomba," akasema. Wakakaa humo wawili, magoti yamegusana, Kulwa anapiga maji kwa viganja, Doto anacheka kile kicheko chake cha kwikwi ambacho sikuwa nimekisikia tangu asubuhi. Tulikaa hapo mpaka karibu saa kumi. Upepo wa bahari ulikuwepo kweli, ulikuwa umejificha nyuma ya vyoo. Doto alipokojoa ndani ya beseni nilishangilia mpaka waokoaji wakageuka.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilipoanza kuandika nilitaka kutoa moja. Nikifikiria lile beseni nasema tatu, hata nne, maana sijawahi kuwaona wanangu wamefurahi hivyo. Halafu nakumbuka kwamba beseni si la bustani, ni la yule mama, la kusuuzia matambara. Nimelipia mabwawa manne na furaha nimeipata kwenye chombo cha kufanyia usafi. Namkumbuka mwenye miwani na redio yake. Utaratibu ni utaratibu! Na ni nani aliyeketi akautunga huo utaratibu, amewahi kushika kijiko cha mtoto? Wanazuia vyakula ili tununue vyao, sawa, biashara naielewa, nami pia nauza vitenge. Basi uzeni uji! Kikombe buku tatu, ningenunua sita. Nyota moja. Na hiyo moja mumpelekee mama wa usafi.

Jioni nilipotoka mlinzi alinirudishia chupa. Alikuwa ameisuuza. Sijui hilo nalo niliweke wapi.

Wifi ameshasema Pasaka tunarudi, mwanawe amelala na ile bangili ya karatasi mpaka imechanika. Nikasema mimi simo. Jana nikajikuta napima kichupa kidogo cha uji kama kinaenea ndani ya mbeleko, chini ya makalio ya Doto. Kinaenea. Waje wampekue.