Albamu ya 1968 iliyomleta jirani mlangoni

Mambo vipi wadau, karibuni. Hapa Uyole, Mbeya, baridi ya mwezi wa saba haina mchezo, mkiniona na kofia ya sufu msinicheke. Tena hebu tazameni kava hili: watu wazima na watoto kwenye miti, wamejikunyata kama abiria wa alfajiri pale stendi. Ni The Hangman's Beautiful Daughter ya The Incredible String Band, Machi 1968.

Hawa ni Waskoti wawili, Robin Williamson na Mike Heron. Prodyuza ni Mmarekani, Joe Boyd, na walirekodi London. Inaitwa roki ya mahipi, lakini msisubiri madramu na gitaa la kupiga kelele. Humu kuna ala za nyuzi kama sitar ya Kihindi, gimbri ya Moroko na udi, halafu filimbi, vinanda, na vingi wanavipiga wenyewe. Na kwa ugeni wote huo, Uingereza ilifika nafasi ya 5 kwenye chati ya albamu!

Wimbo ulioninasa ni A Very Cellular Song, dakika 13. Mwanzoni kuna wimbo wa Bahamas wa kumuaga marehemu: mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, taratibu kabisa. Juzi nimeuweka saa nne usiku, mama jirani akagonga. "Mwanangu, kwenu kuna msiba?" Kiingereza hakijui, ila ni mwanakwaya, mikesha kaikesha mingi. Kaujua kwa kiitikio tu! Kutoka hapo wimbo unakata kona, mara kinanda, mara filimbi, mara wanaimba kuhusu amiba, yule yule wa darasani anayejigawa. Mwisho wanakuombea jua likuwakie siku nyingi. Kwa baridi hii, nimeitikia amina.

Kasoro zipo. The Minotaur's Song ni vichekesho vya jukwaani, mimi huwa nauruka. Sauti ya Robin nayo inapanda na kuyumba, wengine mtaona kama anawachosha. Halafu msiisikilizie kwenye sabufa. Besi karibu hamna, utabaki unasikia mngurumo. Vaa spika za masikioni, usiku, utasikia mpaka vidole vinavyokwaruza nyuzi.

Naipa nane kwa kumi. Mama jirani kaniomba nimrushie ule mwanzo kwa WhatsApp, Jumamosi wana mazoezi ya kwaya. Ila huyo amiba, mama kasema nibaki naye mwenyewe.