Njaa ya saa kumi jioni: ununue nini barabarani?

Umekula mchana saa saba, saa kumi tumbo linanguruma, na njia yote ya kwenda kituoni ni vyakula: mahindi, mayai, karanga, beseni la maandazi, kabati la chipsi. Nimevipanga kwa kigezo kimoja, kipi kinashibisha zaidi kwa kalori chache. Utamu sikuuweka kwenye mizani, la sivyo maandazi yangeshinda.

Nafasi ya kwanza naipa kiazi mviringo cha kuchemsha. Najua, umeambiwa viazi vinanenepesha. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliwalisha watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240 hivi, kisha wakapima shibe yao kwa saa mbili. Mkate mweupe uliwekwa kuwa alama 100. Viazi vya kuchemsha vikapata 323, vikaviacha vyote mbali. Chipsi, ambazo ni viazi vilevile, ziliambulia 116. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina kalori kama 87, maana sehemu kubwa ni maji. Kwenye karai maji yanatoka, mafuta yanaingia, na kalori zinafika 300. Shida ni kwamba vya kuchemsha ni nadra kuvikuta barabarani. Nunua fungu gengeni, chemsha na maganda usiku, beba na kachumbari. Viazi vitamu pia vinafaa. Muhogo ni mzito zaidi, kalori zake ni karibu mara mbili ya kiazi.

Ukitaka cha kula papo hapo, mayai ya kuchemsha ndiyo chaguo langu la kila siku. Yai moja lina kalori 75 hivi na gramu 6 za protini. Mawili na kachumbari yanakufikisha chakula cha usiku. Mwambie muuzaji alimenye mbele yako, na lenye ganda lililopasuka usilichukue. Kiini chenye ukanda wa kijani hakijaoza, ni kwamba yai limechemshwa mno.

Nafasi ya tatu ni bahati ya watu wa Pwani: supu ya pweza. Ni protini karibu tupu, mafuta kidogo sana, na unanunua kwa kipande kulingana na mfuko wako. Sifa zake nyingine zinazosemwa vijiweni sizigusi.

Mahindi ya kuchoma yanafuata, hasa kwa sababu huwezi kuyala haraka. Binya punje kwa ukucha: ikitoa maziwa, hindi ni changa, chukua. Ndimu na pilipili haviongezi kalori za kuhesabu.

Tango na tikiti vina kalori chache kuliko vyote hapa, 15 na 30 kwa gramu 100, lakini njaa inarudi upesi. Tango ulile pamoja na yai. Tikiti nunua zima, au likatwe ukiona.

Karanga ndizo zinazowaponza watu wenye nia njema. Ni chakula kizuri, ila gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, na kule Sydney zilipata alama 84, chini ya mkate. Nunua kifuko kidogo kimoja, usiweke pakiti kubwa mezani. Zenye ukungu au uchungu tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haimalizwi na kukaangwa.

Mkiani kuna maandazi na zege, yaani chipsi mayai. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120, na mkaangaji wa chipsi mayai hapimi kwa kijiko. Siku ikikushinda, agiza zege moja na kachumbari ya kutosha, mle wawili, na badala ya soda mnywe maji.