TAHADHARI: Mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli

Muuzaji akipima mafuta ya taa kwa dumu na faneli ileile ya petroli, usinunue. Wapo pia wanaochanganya makusudi, kisha wanayasifia kwamba "yanashika moto haraka". Huko kushika haraka ndiko kunakounguza watu.

Mafuta safi ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika cheche mpaka yafikie nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Petroli huutoa hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Molekuli za petroli ni fupi, nyingi zina kaboni 4 hadi 12, zinashikana kwa ulegevu na kuponyoka upesi. Za mafuta ya taa zina takriban 10 hadi 16, na hung'ang'aniana zaidi.

Usidanganyike kwamba petroli kidogo haina neno. Mvuke wake huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Kwenye tangi lililofungwa lenye petroli tupu, kwa kawaida mvuke hupita kiwango hicho (bado ni hatari, kwani ukitoka nje huchanganyika na hewa). Petroli kidogo ndani ya mafuta ya taa inaweza kuufikisha mvuke palepale pa kulipukia, hasa taa ikiwa imepata moto na tangi limebaki nusu.

Dumu likifura juani au kutoa pumzi unapofungua kifuniko, shuku. Vilevile ukisikia harufu kali ya petroli, au mwali ukirukaruka na utambi umeshushwa. Rangi isikutulize, hutiwa tu.

Mbali kabisa na moto, dondoshea karatasi nyeupe tone moja la mafuta hayo, na kando yake tone la mafuta unayoyajua kuwa safi. Doa la kwanza likikauka mapema kuliko la pili, petroli ni nyingi. Yakilingana, bado huna uhakika: petroli kidogo haionekani kwa njia hii. Kamwe usijaribu kwa kiberiti.

Mafuta ya namna hiyo hayatengenezeki. Kuongeza mafuta safi hakuiondoi petroli, na kuyaacha wazi ili "ipae" ni hatari, maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko. Funga dumu, liweke nje kivulini, liandike HATARI, na uwaonye wote walionunua kwa muuzaji huyo kabla hawajawasha taa.