TAHADHARI: "Daktari wa kuku" wa pikipiki anayezunguka Chanika na Msongola, Dar es Salaam, na dawa ya minyoo ni tapeli

Jamani, nimekaa kimya wiki tatu kwa aibu. Wanaonijua wanajua mimi ndiye niliyekuwa nawagombeza wenzangu kikundini wasinunue dawa za mifugo kwa watu wanaotembeza. Ndiyo maana hata mama mkwe sikumwambia ukweli mpaka juzi. Lakini jana nimeambiwa yule mtu ameonekana upande wa Mvuti, amemchukulia mama mmoja mjane laki na ishirini na kumwachia unga ule ule alioniuzia mimi kama dawa ya minyoo ya kuku. Basi, aibu naiweka chini. Heri mnicheke mimi kuliko kesho agonge kwa mwingine.

Ilikuwa Jumanne, kama saa tatu asubuhi, mvua imetoka kukatika. Nilikuwa bandani naokota mayai, na nilishaanza kukereka kwa sababu nilipata saba. Saba! Kwa majike yote yale niliyokuwa nayo. Kwa mwezi mzima mayai yalikuwa yanapungua, manyoya yamezagaa kila kona, na mimi kichwani nina swali moja tu, niwape dawa ya minyoo au nisubiri? Mara ya mwisho niliwapa kabla ya masika. Huyu anakwambia kila miezi mitatu, yule anakwambia kuku wa kienyeji hawahitaji, mwingine anakwambia wape majani ya mpapai. Nilikuwa njia panda kweli.

Ndipo akapiga hodi. Kijana wa makamo, koti jeupe limepigwa pasi, glavu mfukoni, begi jeusi la ngozi, kitambulisho shingoni kimegeuzwa upande wa nyuma (hili nimelikumbuka baadaye). Akanisalimia, "Shikamoo mama," kwa adabu, akasema yuko kwenye zoezi la kukagua mifugo ya nyumbani mtaa kwa mtaa, na ametoka kwa jirani wa nyumba ya pili. Akamtaja jirani kwa jina la mtoto wake. Mtu anayemtaja jirani yako kwa jina la mtoto wake utamshukuje? Nilipokuja kumuuliza jirani, kumbe alipita pale akaomba maji ya kunywa, akamsikia mtoto anaitwa, basi.

Hakuniuzia kitu. Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo aliponikamata. Alikataa hata kuniambia ana dawa. Aliingia bandani, akamshika tetea mmoja, akampapasa kifua, akafunua kope, akatazama upanga wa kichwani, akasema, "Mama, hawa wamepauka. Mayai yamepungua tangu lini?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikitika. Akasema hataki kunitisha, ila kama nina jogoo mmoja wa kujitolea, atanionyesha kilichomo, nione mwenyewe. Nikampa yule mwekundu mwenye kilema cha mguu.

Akamchinja vizuri, kwa bismillahi. Akaniomba beseni la maji. Nikaleta. Akampasua, kisha akasema, "Nipatie na chumvi kidogo mama, ya kuoshea." Nikaingia ndani kutafuta chumvi. Niliporudi alikuwa ameshikilia firigisi, ameipasua, na ndani ya beseni kuna minyoo. Myeupe, mirefu kama tambi za Idi, inapita ishirini, imejikunja. Nilihisi mwili wote unasisimka. Wanangu wamekula mayai ya kuku hawa asubuhi ile ile! Nilikaa kwenye ndoo pale pale, miguu haina nguvu.

Akaniambia minyoo ikifika kiasi kile inabakiza siku tatu itoboe utumbo, na kuku wote watakufa kwa wiki moja, mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia basi nipeleke kinyesi maabara kwanza. Nilisema hivyo, naapa, maana tulifundishwa kwenye semina. Akajibu bila kusita: "Majibu ukiyapata Ijumaa, kuku utakuwa huna." Nikatazama lile beseni, nikanyamaza.

Hapo sasa ndipo dawa ikatoka begini. Vifuko vya nailoni vyeupe, vimefungwa kwa moto wa mshumaa, havina hata herufi moja. Akasema imetoka Uholanzi kwenye ndoo kubwa, yeye anaigawa ili mwananchi wa kawaida aimudu. Kuku mkubwa 3,000, kifaranga 1,000. Kuku 68 na vifaranga 30, jumla 234,000. Akapunguza hadi 220,000 "kwa sababu mama umenipokea vizuri". Nikampa 150,000 taslimu. Salio akasema atalifuata Ijumaa.

Akanielekeza nitoe maji jioni, kuku walale bila kunywa, asubuhi niwape dawa kwenye maji machache wayamalize. Maelekezo hayo ni ya kweli, hata duka la dawa za mifugo watakwambia hivyo kwa dawa za kunywesha. Ndiyo ubaya wa huyu mtu, anachanganya kweli na uongo mpaka huoni mshono uko wapi.

Kisha akauliza, kama vile amekumbuka tu akiwa anavaa kofia ya pikipiki: "Chanjo ya mdondo (kideri) wamepata lini?" Nikamwambia inaangukia wiki hii hii, kichupa nimeshaagiza, nasubiri tu mtu wa kunisaidia kuwashika. Akashtuka. Akasema nisithubutu, chanjo ikikutana na dawa yake inakuwa sumu, nisubiri mwezi mzima. Nikapiga simu dukani nikaahirisha kichupa. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Usiku nikilala ninaisikia ile simu.

Ijumaa alirudi. Nikamuuliza mbona sijaona mnyoo hata mmoja kwenye kinyesi? Akasema dawa ya kisasa inaiyeyusha ndani kwa ndani. Nikampa 70,000 iliyobaki na chai nikampikia. Alikunywa chai yangu, akala na mihogo, akamshika mwanangu kichwani.

Siku ya kumi na mbili asubuhi nikakuta watatu wamelala. Jioni wanane. Wengine wanahema midomo wazi, wanaharisha kijani, shingo zimepinda zinatazama mgongoni, wanazunguka duara. Simu yake haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Ndani ya siku sita nilizika kuku 57. Vifaranga walibaki wanne. Yale majike ya mbegu ya shemeji wa Singida, yote. Tulichimba shimo nyuma ya mwembe, mwanangu mkubwa akiwa analia anasema mama usimzike na yule wa madoa.

Bwana mifugo wa kata alikuja siku ya pili ya msiba ule. Hakunigombeza, Mungu ambariki. Akamchinja mmoja aliyekuwa anakata roho, akatandaza utumbo kwenye gunia, akaupasua taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho huku ananionyesha. Kwenye utumbo mwembamba akakuta minyoo mviringo minne tu, myeupe, na INATEMBEA. Ni siku ya kumi na tatu tangu niwape ile dawa ya laki mbili na ishirini! Akakuta na vipande vya tegu, yaani minyoo bapa, vidogo kama punje za mchele. Akaniuliza, "Yeye aliitoa wapi ile aliyokuonyesha?" Nikamwambia kwenye firigisi. Akanitazama, akasema minyoo ile mirefu makao yake ni utumbo mwembamba. Firigisi ni kinu, kinasaga punje na mawe. Aliniuliza tena, "Ilikuwa inatembea?" Nikakumbuka. Haikutembea hata mmoja. Ile minyoo ilikuja na begi. Alinituma chumvi ili apate nafasi.

Akaniambia kilichoua ni mdondo, si minyoo. Kwamba kuku anayezurura akadokoa mchangani, karibu kila mmoja ana minyoo kidogo, na mkubwa aliyeshiba anaishi nayo. Inaowaumiza sana ni vifaranga na wale wa chini ya miezi mitatu, au banda likiwa limebanana na takataka zimelowa, kwa sababu mayai ya minyoo yakitoka kwenye kinyesi yanahitaji joto na unyevu kama wiki mbili hivi ndipo yaweze kumwambukiza kuku. Ukiona wanakonda kifua kikawa kama kisu huku wanakula, wanaharisha, vifaranga hawakui, ndipo uwe na wasiwasi, na hata hapo peleka kinyesi kikapimwe. Maabara ya veterinari ya serikali ipo Temeke. Mayai yangu kupungua? Kuku walikuwa wananyonyoka manyoya! Wakibadilisha manyoya wanapunguza kutaga, wengine wanaacha kabisa, kisha wanarudi. Yale manyoya niliyokuwa nayafagia kila siku ndiyo yalikuwa jibu langu.

Na kuhusu chanjo, akasema watu wengi huwapa dawa ya minyoo wiki moja au mbili kabla ya chanjo ili kuku awe na nguvu, lakini hakuna dawa ya minyoo ya maana inayokutaka usubiri mwezi mzima na kuacha chanjo ya mdondo ipite tarehe. Minyoo inaweza kungoja vipimo. Mdondo haungoji. Ile ya matone ya jichoni inarudiwa kila miezi mitatu, na kwa kuku mmoja ni shilingi chache mno.

Kifuko kimoja kilichobaki nilikipeleka dukani. Muuzaji akamimina kwenye glasi ya maji, akakoroga, tukakaa tukitazama. Ukatuama chini wote kama chokaa. Akachukua pakiti ya piperazini, dawa ya minyoo ya dukani, akafanya vile vile, ikayeyuka maji yakabaki meupe safi. Na akaniambia hata hiyo piperazini ni ya minyoo mviringo tu, tegu haiigusi, kwa hiyo anayekwambia ana unga mmoja wa kumaliza minyoo yote bila kujua una minyoo gani, huyo anakisia au anaiba.

Huyu wa kwangu aliiba. Na aliua. Nasema aliua kwa sababu angechukua hela akaenda zake ningelia siku mbili nikanyamaza, lakini kunikataza chanjo kulimfaidia nini? Nimelifikiria sana. Naona alijua kuku watakufa na kitu fulani, na alitaka nisimwite mtu wa chanjo mwenye macho ya kuuona ule unga. Mtu wa namna hii anastahili kufungwa. Hatutaki arudishe hela halafu aachiwe. Sheria ya Veterinari ipo tangu 2003, anayetibu mifugo lazima awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari, na dawa lazima iwe imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba. Yeye hana hili wala lile. Afikishwe mahakamani, akasimame mbele ya akina mama wote aliowalia, atuambie minyoo ile alikuwa anaitoa wapi. Na waliompa lile koti jeupe nao waulizwe. Mimi RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo, niliifungua Jumatatu kituoni. Wengine mliotapeliwa nendeni mkafungue, msione aibu kama mimi. Malalamiko ya mtu mmoja yanalala mezani, yakiwa kumi lazima yaamke.

Mnaouliza mtamjuaje: pikipiki nyekundu, kiti kimefungwa mpira mweusi, ana pengo la jino upande wa kushoto juu. Anatumia neno "mwananchi" sana. Anakataa kipimo, anakupa siku tatu, dawa haina maandishi, anaomba umchinje mmoja na lazima akutume kitu ndani. Namba ya pikipiki sikuishika, naumia. Nasikia sasa anasema pia ana dawa ya kuhara damu, sijathibitisha.

Kuku 11 waliobaki wameshachanjwa, niliwashika mwenyewe mmoja mmoja. Kinyesi chao nakipeleka Temeke Jumatano, nimekiweka kwenye kikopo chenye mfuniko kama nilivyoelekezwa. Nikipata majibu ndipo nitajua kama nawapa dawa na ni dawa ipi.

Yeyote atakayemwona, tafadhali usimfukuze wala usimpigie kelele ya mwizi, watu watamuua barabarani na mimi nataka afike mahakamani. Mkaribishe. Mpe kiti. Mwambie, "Mume wangu yuko njiani na hela, kuku wapo mia." Mpe na maji. Halafu ingia ndani kama unatafuta chumvi, umpigie mwenyekiti wa mtaa.