Mkate wa Altamura na mkate wa Toscana: upi mtamu?

Ukiula mtupu, wa Altamura unashinda mapema. Unatoka Puglia, kusini mwa Italia, na hutengenezwa kwa unga wa ngano ngumu, ile ya kutengenezea tambi, ukaumuliwa kwa chachu ya asili. Ganda lake halipungui milimita 3. Libonyeze litoe mlio, kisha unuse kabla hujatafuna. Ndani ni manjano kama majani makavu, na ukitafuna taratibu utamu wa nafaka unakuja kwanza, uchachu kidogo unafuata.

Wa Toscana, mkoa wa katikati mwa Italia, hauna chumvi kabisa. Anayeuonja mara ya kwanza hudhani mwokaji kasahau. Ndani ni mweupe, ganda jembamba zaidi, na ladha, niseme ukweli, imepooza.

Lakini kuuhukumu hivyo ni kuuonea. Weka juu yake pruschuto ya huko huko, yaani paja la nguruwe lililokaushwa, yenye chumvi kali, au maini ya kuku yaliyopondwa. Hapo wa Altamura, wenye chumvi yake, unazidisha. Wa Toscana unatulia na kuiacha nyama iseme. Ukilala na kukauka, unaingia kwenye ribollita, supu ya maharagwe na kabichi nyeusi.

Kwa mafuta ya zeituni peke yake, mimi nachukua Altamura.