Hiki kipimajoto cha kuchovya kwenye chuma kilichoyeyuka, nunueni jamani

Sisi tuko Jinja, tunayeyusha chuma chakavu kwa tanuru la umeme, na miaka yote fundi mkuu alikuwa anakadiria joto kwa macho tu, akiangalia rangi. Tukajaribu ile bastola ya mwanga kwanza, ile inayopima joto kwa mbali bila kugusa, ikatudanganya vibaya sana, maana uchafu unaoelea juu hauna mng'ao sawa na chuma chenyewe, sasa unapima uchafu badala ya chuma.

Ndo tukachukua hiki cha kuchovya, aina ya S, ndani kuna nyaya mbili, moja platinamu tupu na nyingine platinamu yenye rodiamu 10%. Unachovya sekunde chache, inasoma, kichwa kinaungua unatupa unaweka kingine. Aina ya K msinunue kwa kazi hii, chuma safi kinayeyuka 1538°C na K haifiki huko. Kaboni ikiongezeka kiwango kinashuka, kwa hiyo lazima ujue una mchanganyiko gani, usisome namba tu.

Kwa kweli nimefurahi mno, vyuma vyenye matundu vimepungua kwetu!!

Shida ni vichwa, ni bei, na yule muuzaji wa Kampala alituletea boksi limelowa. Hapo niliogopa kweli, kichwa kina bomba la karatasi, na karatasi yenye unyevu ukiichovya kwenye chuma cha moto maji yanageuka mvuke papo hapo na chuma kinaruka usoni. Kagueni boksi kabla ya kulipa, na mkitunza karibu na ziwa huku wekeni mahali pakavu kabisa. Nyota nne.