Kifurushi cha kura ya maoni na ujumbe wa kampeni, Embakasi Kusini: nunua utafiti, kataa kaulimbiu

Kampuni inayouza kifurushi hiki ina ofisi hapa Nairobi na inawalenga wawaniaji wanaojipanga kwa uchaguzi wa Agosti 2027. Mteja analipia raundi tatu za kura ya maoni, ripoti kwa kila raundi, na "mkakati wa ujumbe", yaani kaulimbiu, maandishi ya mabango na SMS. Tumekagua raundi mbili za kwanza kwa mwaniaji wa ubunge wa Embakasi Kusini, eneobunge la Nairobi.

Raundi ya kwanza ilimweka mbele kwa pointi 7. Ya pili, wiki sita baadaye, ikamweka nyuma kwa pointi 4. Ripoti ikatangaza kwamba umaarufu umeporomoka na kaulimbiu ibadilishwe mara moja. Tamko hilo halina msingi, na inaudhi kuona mwaniaji anatozwa pesa kwa hofu ya namna hiyo.

Wahojiwa walikuwa 600 kila raundi. Kiwango cha makosa kilichoandikwa, yaani kiasi ambacho matokeo yanaweza kupotoka kwa bahati tu, ni asilimia 4, nacho ni cha kura za mgombea mmoja. Pengo kati ya wagombea wawili wa mbele lina kiwango chake, kama pointi 7 hapa, na ukilinganisha pengo la raundi moja na la nyingine kinafika karibu 10. Hapo bado hujahesabu kwamba wahojiwa wa raundi ya pili walichukuliwa kwa makundi, ploti kwa ploti, na majirani hufanana kimawazo, jambo linalokipandisha zaidi. Pointi 11 zilizotangazwa kuwa maporomoko zinaweza kuingia humo humo.

Kibaya zaidi, raundi ya kwanza ilifanywa kwa simu na ya pili ana kwa ana. Wahojaji walizunguka Jumanne hadi Alhamisi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Saa hizo Pipeline, mtaa wa magorofa ya kupanga, ghorofa nzima imefungwa, wapangaji wako Industrial Area kwenye viwanda au mjini, na anayefungua mlango ni mama mwenye mtoto mchanga au kijana asiye na kazi. Imara Daima askari wa geti hawakuwaruhusu kuingia, kwa hiyo nafasi zilizobaki zikajazwa Kwa Njenga na Kwa Reuben, mitaa ya mabanda. Dawa yake inajulikana: jioni baada ya saa kumi na mbili, Jumamosi na Jumapili, barua kwa chama cha wakazi mapema, na nyumba ikikosa mtu irudiwe mara mbili kabla ya kubadilishwa. Ukianza kwa simu, endelea kwa simu hadi raundi ya tatu.

Swali moja halikuwemo kabisa kwenye hojaji, nalo ndilo la kwanza Nairobi: "Umejiandikisha kupiga kura eneobunge gani?" Mtu anaweza kuishi Kware miaka kumi na kura yake iko Kitui au Nyamira. Maoni yake kuhusu mbunge wa hapa ni ya kweli, lakini hayataingia kwenye sanduku la hapa. Linalofuata ni swali la kama alipiga kura 2022, maana mwaka huo waliojitokeza Nairobi hawakufika asilimia 60 ya waliojiandikisha. Ripoti inayomhesabu kila mkazi kuwa mpiga kura inampamba mgombea anayependwa na wasiopiga kura.

Ripoti pia inapanga wadi zote tano kwa ushindi na kushauri mabango yaondolewe Kware. Wahojiwa 120 kwa wadi ni kiwango cha makosa cha asilimia 9. Usihamishe hata bango moja kwa takwimu hiyo.

Sasa kaulimbiu. Kwanza ilikuwa ajira, kisha maji. Maji yaliongoza kwa sababu hojaji iliorodhesha matatizo kwa mpangilio uleule kwa kila mtu, na maji yalikuwa juu. Orodha hugeuzwageuzwa, au mtu anaulizwa bila kusomewa chochote. Tena huduma ya maji ni kazi ya kaunti. Mbunge ana NG-CDF, mfuko wa serikali kuu wa maendeleo ya eneobunge: basari na madarasa. Anayenunua mtungi wa lita 20 kila siku atakuuliza hapohapo utayaleta kwa hazina gani, na kipeperushi hakina jibu.

SMS waliyoandika ina herufi 138, ndani ya kikomo cha 160, lakini mwisho wamebandika kiemoji cha ngumi. Kiemoji kimoja kinashusha kikomo hadi 70, na ujumbe mrefu unakatwa vipande vya 67. Kwa hiyo kila mpokeaji analipiwa SMS tatu badala ya moja. Hakuna aliyeijaribu kabla: nusu ya wahojiwa wangesomewa toleo la kwanza, nusu toleo la pili, bila gharama ya ziada.

Kinachostahili sifa ni wahojaji wenyewe. Rekodi za sauti ziko safi, wanauliza kwa Kiswahili cha mtaani bila kumwelekeza mtu, na data ghafi ililetwa siku mbili baada ya kuombwa. Kazi yao inafaa kununuliwa peke yake, na kampuni inakubali ukiomba.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, andikisha kwenye mkataba: njia ileile ya kuhoji raundi zote, maneno yaleyale ya maswali, idadi ya waliokataa kuhojiwa, "hawajaamua" wabaki kwenye jedwali, na data ghafi iwe yako. Ukitaka kuyachapisha matokeo, Sheria ya 2012 ya uchapishaji wa kura za maoni inadai utaje mdhamini, sampuli, tarehe na maswali, kwa hiyo maelezo hayo utayahitaji vyovyote vile.